SOMO: Mchango Wako wa Kwanza Kwenye Programu Huria (Anza na Njia ya Dukani Kwako)



Somo la leo ni refu kidogo, ila lina hela ndani yake. Lihifadhi, ulisome jioni ukishafunga mizigo ya wateja.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni tukiwa Utete, Ikwiriri, Kibiti, Bungu au Nyamisati tunaijua hii. Mteja yuko Dar, bidhaa ameipenda, bei mmeelewana. Halafu anaandika, "Nitumie lokesheni." Unatuma. Baada ya dakika mbili anajibu, "Mbona naona pori tupu?"

Lokesheni yako iko sawa. Tatizo ni ramani anayoitazama: njia haina jina, stendi haionekani, kivuko hakipo, na kijiji kimeandikwa jina ambalo hakuna mtu anayelitumia. Hapo dereva wa bodaboda anakupigia simu mara sita, kamba wako wanaanza kuharibika juani, na mteja anaanza kujiuliza kama wewe ni muuzaji wa kweli au tapeli.

Sasa swali: nani anatakiwa kuijaza hiyo ramani?

Wengi tutajibu "serikali" au "wenye kampuni". Lakini ipo ramani kubwa duniani ambayo jibu lake ni "mtu yeyote anayepajua mahali hapo". Yaani wewe. Na ukishajua kuchangia kwenye ramani hiyo, umeshaingia kwenye dunia ya programu huria bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Twende taratibu.

1. PROGRAMU HURIA NI NINI?

Kila programu ina maandishi yake ya ndani yanayoiambia kompyuta au simu ifanye nini. Hayo ndiyo msimbo. Kampuni nyingi huyaficha, kama mama ntilie anayeficha viungo vya pilau lake. Programu huria ni kinyume chake: maandishi yake yako wazi, na leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine.

Na tayari unazitumia. WordPress, inayoendesha tovuti nyingi sana za biashara duniani, ni programu huria tangu 2003. WooCommerce, inayoigeuza WordPress kuwa duka, ni huria. Firefox ni huria. LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia mahesabu ni huria. Hata simu yako ya Android, ndani kabisa imejengwa juu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds.

Hizi kazi hazifanywi na mtu mmoja. Fikiria mkeka: wengi wanasuka ukili, huyu wa kwake na yule wa kwake, halafu ukili unashonwa pamoja mpaka mkeka unatimia. Mwenye kuanza haanzi na mkeka mzima. Anaanza na kipande kifupi, mwenye uzoefu anakiangalia, kikiwa kimenyooka kinashonwa. Mchango kwenye programu huria uko hivyohivyo.

2. "HAYA SI MAMBO YA WAZUNGU NA WATU WA KOMPYUTA?"

Hapana. Tazama yaliyofanyika hapahapa kwetu.

Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi kubwa pale ilikuwa maneno: hiki tukiiteje, kile tukiiteje. Bila mtu anayekijua Kiswahili, fundi wa msimbo angekwama.

Mwaka 2011, wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, walitembea mitaani wakaichora Tandale kwenye ramani huria. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, uliowakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata za Dar kuchora mitaro, barabara na nyumba, kwa sababu mafuriko yalikuwa yanawapiga watu kila mwaka na hakuna ramani iliyoonyesha maji yanapita wapi.

Mwaka huohuo wa 2015 ilianza Crowd2Map, chini ya shirika la Tanzania Development Trust. Hii ilianzia upande wa Serengeti, mkoani Mara. Wasichana walikuwa wanakimbia kukeketwa, na wanaowasaidia walihitaji kufika vijijini usiku, ila ramani zilikuwa tupu. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakaanza kuchora nyumba na njia kwa kuangalia picha za setilaiti.

Sasa hapa ndipo pa kushika. Mtu aliyekaa London anaweza kuiona paa yako kwenye picha ya setilaiti. Anaweza kuuona mto na mstari wa njia. Lakini hawezi kuona jina. Hajui kama lile jengo ni duka la pembejeo, zahanati au ghala la korosho. Hajui kama ile njia inapitika masika. Hajui kama watu wanapaita Muhoro au Mohoro. Wewe unajua, tena bila kuuliza mtu.

Kwa hiyo mchango wako wa kwanza usitafute kitu kigumu. Tafuta kitu kidogo, cha kweli, ambacho wewe unakijua kuliko mtu yeyote atakayeifungua hiyo programu leo.

3. RAMANI YENYEWE NI IPI?

Inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Inafanya kazi kama Wikipedia: watu wanaijaza, watu wanaikagua, na data zake zinaruhusiwa kutumiwa na yeyote ilimradi aitaje ilikotoka. Programu za simu kama Organic Maps na OsmAnd zinaitumia, na hizi zinafanya kazi hata bila bando ukishapakua eneo lako. Meta, wenye Facebook na Instagram, nao ni miongoni mwa wanaozitumia data zake.

Tuwekane wazi hapa: OpenStreetMap siyo Google Maps. Ukirekebisha huku, kule hakubadiliki. Kama wateja wako wote wanatumia Google, endelea kuweka biashara yako kule pia. Tofauti ni kwamba unachoweka Google kinatumika kwa masharti ya Google. Unachoweka kwenye ramani huria kinaweza kutumiwa na mwalimu, nesi, dereva, mtengeneza programu wa Dar na timu ya uokoaji, bila kumuomba mtu ruhusa.

Na hilo la uokoaji kwetu si hadithi. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliwakumba watu wa Rufiji na Kibiti. Nyumba zilizingirwa na maji, mashamba yakafunikwa, watu wakahama. Siku kama hizo anayetoka mbali kuja kusaidia anahitaji kujua kijiji kiko wapi, kinaitwaje na kinafikiwa kwa njia ipi. Maji yakishajaa, siyo wakati wa kuanza kuchora ramani. Inachorwa kiangazi, na watu wanaopita hizo njia kila siku, wakiwemo wauzaji.

4. HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: fungua akaunti. Ingia openstreetmap.org, jisajili kwa barua pepe. Jina utakaloweka litaonekana na watu wote duniani, kwa hiyo usiweke namba ya simu wala jina ambalo hutaki lijulikane. Jina la biashara linafaa, ila lisiwe tangazo.

Hatua ya pili: chagua kifaa cha kazi. Kwa mwenye simu ya Android, StreetComplete ndiyo rahisi kuliko zote. Unaifungua ukiwa barabarani, inakuonyesha alama kwenye ramani, ukibonyeza inakuuliza swali fupi. Hii barabara ni lami, changarawe au udongo? Hili duka linafungua saa ngapi? Unajibu ulichokiona kwa macho, basi. Ukishapakua eneo lako, unaweza kujibu bila intaneti, halafu majibu yakatumwa baadaye ukipata mtandao. Kwa sisi ambao mtandao unakuja na kuondoka, hii ni neema. Na maswali yasipotokea kwa Kiswahili kwenye simu yako, hilo lenyewe ni pengo ambalo unaweza kulichangia. Tutalifikia.

Kuongeza mahali ambapo hapapo kabisa, kwa mfano duka au zahanati, unaweza kutumia Organic Maps. Ina sehemu ya kuongeza mahali kwenye ramani. Unaweka alama pale penyewe, unachagua aina, unaandika jina. Mwenye kompyuta atumie tovuti yenyewe ya OpenStreetMap, kuna kitufe cha kuhariri.

Hatua ya tatu: chagua kitu kimoja tu. Kimoja. Mifano ya huku kwetu:

• Pale Nyamwage, njia ya kuja Utete inapoachana na barabara kuu ya Dar–Lindi: je, kituo cha basi kipo kwenye ramani?
• Kivuko cha kwenda Mkongo: kimeonyeshwa kinapoanzia na kinapoishia?
• Nyamisati: gati lipo kwenye ramani? Ndipo mizigo ya Mafia inapopakiwa, na mteja wa Kilindoni anataka kupaona.
• Barabara unayopitisha mzigo: imeandikwa lami wakati ni udongo, au udongo wakati imeshawekwa lami?
• Jina la kijiji au kitongoji chako: limeandikwa kama kibao cha ofisi ya kijiji kinavyosema?

Hatua ya nne: nenda ukaone. Hata kama unapajua, pita. Soma kibao. Ramani huria ina kanuni moja kuu: andika kilichopo ardhini. Usiandike kilichokuwepo mwaka juzi, wala kilichoahidiwa kwenye mkutano.

Hatua ya tano: tuma na ueleze. Ukitumia StreetComplete, maelezo yanajazwa yenyewe. Ukitumia tovuti, utaombwa kuandika kwa ufupi umebadilisha nini. Usiandike "marekebisho". Andika hivi: "Nimeongeza kituo cha basi Nyamwage, njia panda ya Utete. Nimepaona mwenyewe." Mtu wa pili akisoma, anajua nini kimefanyika na umejuaje. Pia kuna kisanduku cha kuomba mtu mwingine apitie kazi yako. Wewe ni mgeni, kiwekee alama. Hakuna aibu.

Hatua ya sita: subiri, halafu jibu. Badiliko litaonekana kwenye tovuti baada ya muda mfupi. Kwenye programu za simu zinazotumia ramani iliyopakuliwa inaweza kuchukua wiki kadhaa, mpaka ramani mpya itoke na uipakue. Kuna uwezekano mchangiaji mzoefu akakuandikia: "Asante, ila hiki tunakiweka hivi." Huyo hajakutukana, anakagua ukili kabla haujashonwa. Mshukuru, rekebisha, endelea. Kama wewe ndiye uliye sahihi kwa sababu uko pale, mweleze kwa adabu: "Mimi naishi hapa, kibao kinasema hivi."

5. MWIKO: MAMBO SITA USIFANYE

1) Usinakili kutoka Google Maps au ramani nyingine yenye hakimiliki. Hata jina moja. Ndiyo maana nimesema nenda ukaone.

2) Usigeuze jina kuwa tangazo. Jina la duka ni lile lililo kwenye kibao. Ukiandika "Mama Fulani Mikeka Bora Bei Poa Piga Sasa", mtu ataifuta, na atakuwa na haki.

3) Usiweke nyumbani kwako kama huna duka lenye kibao. Hili nalisema kwa msisitizo, hasa kwa dada zetu wanaouza wakiwa nyumbani. Wateja wa mtandaoni huwajui wote. Weka vizuri stendi, kituo cha basi au gati unapokabidhia mzigo, halafu mteja mwelekeze hapo. Ramani inakusaidia bila kukuanika.

4) Usiweke cha kupita. Meza ya maembe ya msimu huu au mnada wa siku moja siyo vya ramani.

5) Usiweke mambo ya mtu mwingine binafsi. Jina la mwenye nyumba, namba yake, haviingii.

6) Usifute usichokijua. Ukiona kitu unadhani hakipo, acha ujumbe kwenye ramani: "Hapa palikuwa na duka, naona limefungwa, naomba mwenye kujua athibitishe." Kila badiliko linahifadhiwa na jina la akaunti na muda, na linaweza kurudishwa. Lakini kurudisha kazi ya mtu kunachosha watu.

6. NGAZI YA PILI: MANENO YA KISWAHILI

Ukishazoea ramani, panda ngazi. Kama una duka la WordPress au WooCommerce, kuna kazi inayokusubiri: kutafsiri.

Chukua mfano huu. Mteja wa Ikwiriri kaweka bidhaa kikapuni, anafika kwenye kitufe cha mwisho, anakuta kimeandikwa "Angalia nje". Aangalie nje nini? Anafunga, anaondoka. Mtu aliyetafsiri alijua lugha mbili, ila hajawahi kuuza. Wewe muuzaji unajua kwamba hapo panatakiwa "Lipia" au "Kamilisha oda". Neno moja, mauzo mangapi?

Kwa WordPress kazi hii inafanyika translate.wordpress.org. Unafungua akaunti ya wordpress.org, unachagua Kiswahili, unachagua programu, unaona orodha ya sentensi ambazo hazijatafsiriwa. Unaandika pendekezo lako. Halichapishwi papo hapo: linasubiri mhariri wa Kiswahili alikubali.

Mambo matatu ya kuzingatia:

• Ukiona alama kama %s au %d katikati ya sentensi, usiiguse na usiitafsiri. Hapo ndipo programu itaweka jina la mteja, bei au idadi. Ukiiondoa, risiti itatoka bila bei.
• Angalia wenzako walishatumia neno gani. Kama kila mahali wameandika "oda", wewe usilete "agizo" kwenye kitufe kimoja. Mteja atadhani ni vitu viwili.
• Tafsiri maana, usitafsiri neno. Isome kwa sauti kana kwamba unaongea na mteja dukani. Kama hungemwambia hivyo mdomoni, badilisha.

Sentensi tano zilizokaa vizuri ni bora kuliko mia za kubabaisha, kwa sababu zile mia kuna mtu itabidi azipitie moja moja.

7. NGAZI YA TATU: KURIPOTI TATIZO

Programu ikikugomea, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulalamika kwenye stetasi. Ya pili ni kuripoti kwa waliotengeneza, na ripoti nzuri ni mchango kamili. Miradi mingi inapokea ripoti kwenye tovuti ya GitHub. Kabla ya kuandika, tafuta kwanza kama tatizo hilo limesharipotiwa. Kama lipo, ongeza maelezo yako palepale, usifungue jipya.

Ripoti nzuri ina vitu vinne:

• Unatumia nini: simu gani, Android ya ngapi, toleo gani la programu.
• Ulifanya nini, hatua kwa hatua.
• Ulitegemea nini kitokee.
• Nini kilitokea.

Linganisha. "Programu yenu mbovu, haifanyi kazi." Hiyo haimsaidii mtu. Sasa hii: "Nikiweka bei 15,000 na kubonyeza hifadhi, inaonekana 15. Nimejaribu mara tatu, imetokea zote. Nikiandika 15000 bila alama ya mkato, inakaa sawa." Fundi akisoma hiyo, ameshajua aanzie wapi.

Tahadhari kubwa kwa wafanyabiashara: kabla ya kuweka picha ya skrini, ikague. Ina namba ya simu ya mteja? Ina ujumbe wa malipo, jina lake, salio lako? Funika au futa. Ukurasa ule unasomwa na dunia nzima.

8. NGAZI YA NNE: MSIMBO WENYEWE

Hii ni kwa wale wenye hamu, au wenye kijana nyumbani anayesoma kompyuta. Utaratibu ni uleule wa ramani, majina tu ndo yanabadilika. Huandiki moja kwa moja kwenye msimbo wa mradi. Unachukua nakala yake, unaifanyia kazi pembeni, halafu unapeleka ombi: "Nimebadilisha hapa, kwa sababu hii, naomba mkiridhika mkiunganishe." Wenye mradi wanasoma, wanauliza, wanakurudishia, unarekebisha, wanaunganisha.

Kabla ya yote soma mwongozo wa wachangiaji. Mradi mwingi mzuri unao. Halafu angalia orodha ya kazi zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Mchango wa kwanza wa watu wengi ni kusahihisha herufi iliyokosewa kwenye maelekezo. Usiidharau. Umejifunza njia nzima ya kutuma, kukaguliwa na kukubaliwa, kwa mzigo mwepesi.

9. MASWALI AMBAYO NAJUA MTANIULIZA

"Nalipwa?" Hapana, mchango wa kujitolea haulipwi. Unachopata ni njia inayosomeka mpaka kwako, duka linaloongea lugha ya mteja wako, na kazi yenye jina lako ambayo unaweza kumwonyesha mtu. Na ukiona mtu anakwambia "lipa ada ya kujiunga na programu huria, utalipwa kila wiki", huyo tapeli. Kufungua akaunti OpenStreetMap, WordPress au GitHub ni bure.

"Kiingereza changu kidogo." Ramani inahitaji macho na miguu. Tafsiri inahitaji Kiswahili chako. Kwa ripoti, andika sentensi fupi fupi. Ukitumia mashine ya kutafsiri, sema umeitumia, ili wakikuta neno la ajabu wakuulize.

"Bando?" Majibu ya maandishi ni mepesi. Kinachokula bando ni kupakua ramani kwa mara ya kwanza, basi pakua mahali penye mtandao mzuri kabla ya kutoka.

"Nikikosea?" Inarudishwa. Ndiyo maana nimesema kimoja kimoja.

"Mshindani wangu naye si atafaidika?" Atafaidika, ndiyo. Njia ya kwako ndiyo njia ya kwake. Ila mteja wa Dar anayeiona Utete kwenye ramani, na stendi yake, kivuko chake na maduka yake, anaanza kuiamini Utete nzima. Kwenye mahali panapoonekana ni pori tupu, hata muuzaji mwaminifu anahisiwa tapeli.

10. KAZI YA WIKI HII

Jumatatu: fungua akaunti.
Jumanne: pakua StreetComplete au Organic Maps, na eneo lako.
Jumatano: tazama ramani ya unapokabidhia mizigo. Andika kwenye daftari vitu vitatu vinavyokosekana au vilivyokosewa.
Alhamisi: ukipeleka mzigo, pita hapo, soma kibao.
Ijumaa: tuma kimoja kati ya vile vitatu. Kimoja tu.
Jumamosi: angalia kama umeandikiwa, jibu.
Jumapili: mtumie dereva wako wa bodaboda hiyo ramani, umuulize, "Hapa pamekaa sawa?" Yeye ndiye mkaguzi wako mkuu, kwa sababu hizo njia anazipita mchana na usiku.

Ukimaliza, andika hapa chini: umeongeza nini, na wapi. Usiweke namba ya simu, taja mahali tu. Na kama kijiji chako kimeandikwa jina ambalo hamlitumii, anza na hilo.

Mtumie na mwenzako wa Kibiti au Ikwiriri anayesumbuliwa na "mbona naona pori".